Shetani Aliyeshushwa Leo

Jino la Fransis lilidondokea juu ya kadi zake, likaacha doa jekundu kwenye uso wa shetani mwenye masikio matatu. Hakuna aliyecheka. Yazid alikuwa bado ameshika kigoda alichompigia, mguu mmoja wa kigoda ukining'inia.

"Sema tena," Yazid alisema.

"Anazuia," Fransis alijibu, damu ikimtoka puani na mdomoni. "Toka siku zote anazuia, Yazid. Kila mtu hapa anajua."

Teke lilimpata mbavuni. La pili lilimpata palepale. Barazani kwa Bi Widad, pale Mbagala, walikuwepo wanaume wa kutosha kumzuia mtu mmoja, lakini kila mmoja alikuwa ameona jinsi Brightson, mpambe wa Yazid, alivyoegemea nguzo huku panga likiwa limechomekwa kiunoni. Kwa hiyo wakatazama viatu vyao.

"Jumamosi alasiri," Yazid alisema, akipangusa mkono wake kwenye shati la Fransis. "Utakuja hapahapa. Utauweka mkono wako wa kulia juu ya gogo, ule wa kuibia. Usipokuja nitaufuata nyumbani, na sitauchukua peke yake."

Fransis alikuwa mchonga vinyago. Bila mkono wa kulia angekuwa mtu wa kulishwa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Mashetani ni mchezo wa kadi, na aliyeubuni ni marehemu Sebastian, baba yake Fransis, mchongaji aliyetoka Newala akajenga huku Mbagala. Alichonga sura za mashetani kwenye vipande vya mpingo, akazipaka wino, akazigonga juu ya karatasi ngumu za maboksi. Alizitengeneza ili wanawe wawili, Fransis na dada yake Herieth, wasizurure. Miaka ikapita, kadi zikatoka nje ya ua, na sasa watu wazima walikuwa wakizitafuta, wakibadilishana na kununiana kwa ajili yake. Kuna kadi moja, Mla Vivuli, ambayo zimebaki chache sana, na mwenye nayo hutembea kama mwenye nyumba ya ghorofa. Yazid alikuwa nayo.

Kuucheza si kugumu. Kila mchezaji ana roho kumi, anazihesabu kwa korosho zenye maganda. Zamu yako ikifika unashusha shetani mezani, na wale uliowashusha zamani unaweza kuwatuma wakampige mwenzio. Ukimtuma, kadi yake unailaza, na aliyelala hana kazi mpaka zamu yako irudi. Anayepigwa naye anaweza kusogeza mbele shetani wake aliyesimama, akazuia, na mnyonge kati ya hao wawili anakufa. Asipozuia, roho zinapungua. Zikiisha, umekwisha.

Na ipo sheria ambayo Sebastian aliileta kutoka kambi ya wachongaji. Kambini kwao mgeni hapewi tezo ya kuchongea siku anayofika. Anapewa rungu, anakaa mlangoni, analinda vitu vya wenzake, kesho yake ndipo anaanza kuchonga. Sebastian akaiingiza hiyo kwenye kadi zake: shetani aliyeshushwa leo hapigi leo, anangoja mpaka zamu ya bwana wake irudi. Lakini kulinda analinda tangu anapokanyaga meza.

Siku ile Yazid alikuwa ametuma jitu lake likamalizie roho za mwisho za Fransis. Fransis akasogeza mbele shetani mdogo, mnyonge, aliyekuwa ametoka tu kumshusha kwenye zamu yake. Akazuia. Zamu iliporudi akammaliza Yazid mbele ya watu. Yazid, ambaye mwenyewe alikuwa amezuia hivyohivyo kwa miaka, alisimama akasema Fransis ni mwizi, kwamba aliyeshushwa leo hafanyi lolote, hapigi wala hazuii. Aliitunga sheria hiyo pale aliposimama. Kisha akakiinua kigoda.

*

Herieth alimkanda kaka yake kwa maji ya moto na chumvi, hakumwonea huruma kwa sauti.

"Tukimbie," Fransis alisema. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yalitoka yamelowa. "Twende Bunju, kwa wale jamaa wa baba."

"Halafu?"

"Halafu tunaishi."

"Ukikimbia umekubali wewe ni mwizi. Atakufuata Bunju akiwa na haki, na hata wa Bunju watamfungulia mlango." Alikamua kitambaa, maji yenye damu yakatiririka kwenye beseni. "Tutaenda Jumamosi."

"Nikaweke mkono?"

"Ukaweke mkono. Mie nitacheza."

Fransis alimtazama kwa jicho lake moja lililobaki wazi. "Herieth, unacheza vizuri. Yazid anacheza vizuri kuliko wewe."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa kaa kimya, midomo inachanika."

*

Jumamosi baraza lilijaa. Watu wa sokoni walikuwa wamefunga mapema, madereva wa bodaboda wamepanga pikipiki zao mpaka kwenye mfereji. Hakuna aliyekiri kwamba alikuja kuona mkono ukikatwa. Kila mtu alikuwa akipita tu.

Bi Widad alikuwa amekaa mlangoni mwa duka lake, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Duka lilikuwa la baba yake na babu yake, na Yazid alikuwa mtoto wa dada yake. Alimlea tangu ananyonya.

"Shikamoo Bi Widad," Herieth alisema.

"Marahaba mwanangu." Mama yule hakuinua macho. "Nimemwambia. Nimelia mbele yake. Hasikii."

"Naomba meza."

Hapo akainua macho. Akaliona rungu fupi la mpingo, lile la kugongea patasi, lililochomekwa kwenye mkunjo wa kanga ya Herieth. Alinyanyuka akaivuta meza mwenyewe.

Yazid alifika na Brightson nyuma yake. Alipoiona meza alicheka.

"We dada, tumekuja kuchinja au kucheza?"

"Nicheze kwanza," Herieth alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mfereji. "Nikishinda, mkono wa kaka unabaki, na unatamka mbele ya hawa wote kwamba hakuiba. Ukishinda wewe, Fransis anautandaza mkono, hakuna wa kumshika."

"Na kwa nini nicheze na wewe? Mkono ninao tayari."

"Basi usicheze. Watu watasema umemwogopa kaka, ukamwogopa na dada." Akaanza kupanga korosho zake. "Mie sina neno. Tena tutacheza kwa sheria yako. Aliyeshushwa leo hapigi, na hazuii. Hafanyi lolote. Si ndivyo ulivyosema?"

Minong'ono ikapita barazani. Fransis, aliyekuwa amekaa chini kando ya gogo, aligeuka akamtazama dada yake kama mtu aliyeuzwa.

"Herieth! Hiyo si sheria ya baba!"

"Mwache," Yazid alisema. Alikuwa ameshavuta kigoda. "Ana akili kukuzidi. Sheria yangu, eeh? Mmesikia nyote?"

"Tumesikia," watu wakaitikia.

Brightson alimsukuma Fransis begani mpaka mkono wake wa kulia ukalala juu ya gogo. Akalichomoa panga, akalipitisha polepole juu ya vinyweleo vya kifundo cha mkono ule, kama kinyozi. Kisha akalisimamisha ardhini, akangoja.

Walicheza. Yazid alicheza kama anavyopigana, haraka na bila kupumua. Kila alichokishusha kilikuwa kikubwa, na zamu iliporudi alikituma kikapige. Herieth alishusha mashetani ambao kwa sheria ile walikuwa wamekaa tu, wakitazama wenzao wakiuawa. Walioamka walipiga, Yazid naye akapoteza korosho kadhaa, lakini za Herieth zilipungua haraka zaidi. Kila ilipoondoka moja, Brightson alimgusa Fransis kwa ncha ya panga, kidogo tu, na tone la damu likatoka. Punde mkono wote ulikuwa na madoa mekundu kama mtu mwenye surua.

"Ongeza mashetani, sista," Yazid alisema. "Wanakaa kama wageni wa harusi hao."

"Wanakula kwanza."

Watu wakacheka, na hata Yazid akacheka, kwa kuwa alikuwa akishinda. Herieth hakuwa akizitazama kadi za Yazid. Alikuwa akiutazama mkono wake. Tangu utotoni alikuwa amemwona akicheza barazani pale, mara nyingi kuliko alivyomwona mtu mwingine yeyote akifanya jambo lolote. Mdomo wa Yazid ulikuwa na sheria mpya tangu wiki iliyopita. Mkono wake ulikuwa na ile ya zamani.

Zamu ya Yazid ikaja, naye akanusa damu. Alituma mashetani wake wote waliosimama, hakubakisha hata mmoja, akazilaza kadi kwa kishindo moja baada ya nyingine. Herieth alikuwa na shetani mmoja tu wa zamani aliyeruhusiwa kuzuia, akamsogeza, akamzuia mmoja. Wengine walipita. Alibaki na roho moja. Korosho ile moja ilikaa mezani peke yake.

"Kwaheri mkono," mtu alisema nyuma.

Kisha, kwa sababu alikuwa hana mlinzi aliyesimama na zamu ilikuwa haijaisha, Yazid akamshusha Mla Vivuli. Aliiweka kadi ile katikati ya meza kwa vidole viwili, taratibu, watu waione.

"Zamu yako, sista. Ya mwisho."

Herieth alishika kadi zake mbili, wale wageni wa harusi. Walikuwa wameshushwa zamu iliyopita. Sasa wameamka. Akamlaza wa kwanza.

"Huyu anapiga."

Akamlaza wa pili.

"Na huyu."

Wawili hao walitosha. Yazid alikuwa na roho nne, na kila mmoja wao alikuwa na nguvu ya mbili. Kila mtu alizihesabu kimoyomoyo.

Mkono wa Yazid ukaenda. Haukungoja. Ulikwenda kama unavyokwenda kumfukuza nzi, ukaichukua kadi ya Mla Vivuli, ukaisogeza mbele, ukaisimamisha kati ya yule shetani wa kwanza na korosho zake.

"Nimezuia," alisema.

Nje pikipiki moja ilikuwa ikinguruma, mwenyewe akaizima.

"Umemshusha lini huyo?" Herieth aliuliza.

Yazid aliitazama kadi, kisha mkono wake uliokuwa bado juu ya kadi.

"Braza," Brightson alisema, na alisema kwa nia njema kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga zipu, "huyo si umemshusha sasa hivi?"

Kicheko kilianzia kwenye mfereji. Kikapanda barazani, kikawa kikubwa, watu wakishikana mabega. Ilikuwa wiki nzima ya woga ikiwatoka midomoni kwa mkupuo mmoja.

"Chagua," Herieth alisema juu ya kicheko kile. "Kama hazuii, nimekumaliza, mkono wa kaka unabaki. Kama anazuia, Fransis hakuiba siku ile, na mkono unabaki vilevile. Anazuia au hazuii? Sema!"

Yazid alisimama. Kwanza alimpiga Brightson, kofi la mgongo wa mkono lililompasua mdomo na kumgongesha kichwa kwenye nguzo. Kabla panga halijagusa ardhi alikuwa ameshalidaka. Akapiga hatua moja kwenda kwenye gogo, akaliinua panga.

Fransis aliuvuta mkono. Hakuuvuta wote. Panga lilishuka likazama kwenye gogo, na kidole chake kidogo kikabaki upande wa pili wa bapa, kikiwa bado kimekunjwa. Alikitazama tu kile kidole kwa mshangao, kama kitu cha mtu mwingine.

Yazid alikuwa akilitingisha panga lichomoke. Herieth alipita juu ya meza, kadi zikaruka, akalishusha rungu la mpingo juu ya kifundo cha mkono uliolishika panga. Mpingo ni mti unaozama majini. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Yazid alifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka rungu lilishuka mara ya pili, kwenye kiwiko, na mkono ule ukaning'inia kwa namna ambayo mikono haining'inii. Akapiga magoti. Herieth akampiga teke la kifua, akaanguka chali kwenye vumbi na korosho.

"Mwizi!" mtu alipaza sauti.

Neno hilo likishatamkwa Mbagala, halirudi. Walewale waliokuwa wakitazama viatu vyao wiki iliyopita walishuka barazani kwa pamoja. Jiwe la kwanza lilimpata Yazid sikioni. Bomba la pikipiki lilimpata mgongoni. Wawili wakaruka juu ya miguu yake kwa visigino, wakahema kama watu wanaotwanga. Brightson alitambaa chini ya meza, akapita kati ya miguu yao, akatoweka. Mtu mmoja alikuwa tayari akibingirisha tairi kutoka kwa fundi wa ng'ambo, na mwingine ameinama kwenye tangi la pikipiki na chupa ya maji.

Bi Widad aliangukia juu ya mtoto wa dada yake. Alimfunika kwa mwili wake mzima, mtandio ukamtoka, mvi zake zikaonekana na kila mtu. Jiwe lililokuwa limerushwa kwa Yazid lilimpata begani. Hakuondoka.

"Herieth!" aliita. "Herieth mwanangu, kwa haki ya baba yako!"

Herieth alikuwa akikifunga kiganja cha Fransis kwa upande mmoja wa kanga yake. Akakaza fundo kwa meno. Kisha akanyanyuka, akawasukuma watu, akamfikia Yazid. Jicho moja la Yazid lilikuwa limezibwa na damu. Harufu ya petroli ilikuwa imefika.

"Anazuia au hazuii?" Herieth alimuuliza.

Yazid alikohoa. "Niue tu."

"Sijakuuliza hilo."

Tairi liliangushwa kando yao. Yazid aliligeukia, akaliona, akajikunyata chini ya mama yake mdogo.

"Anazuia," alisema.

"Hawajasikia."

"Anazuia!" Alilia sasa, kwa sauti ya mtoto. "Aliyeshushwa leo anazuia! Toka zamani anazuia! Fransis hakuiba!"

Herieth akageuka akawaelekea watu. Rungu lilikuwa na nywele na damu, naye alikuwa amebaki na kipande kimoja cha kanga juu ya gauni.

"Mmesikia. Sasa rudini nyuma."

"Tupishe, dada," alisema yule mwenye chupa. "Huyu ametusumbua wote. Acha tumalize."

"Wiki iliyopita ulikuwa wapi?"

"Tupishe!"

Alipiga hatua, na Herieth akampiga. Rungu lilimwingia kwenye mtulinga, karibu na bega, chupa ikaruka, petroli ikamwagika kwenye suruali yake mwenyewe. Alirudi nyuma akipiga mayowe, akijipapasa, akiwatazama kwa hofu wenzake wenye sigara.

"Anayefuata ni kichwa," Herieth alisema. "Msidhani namwonea huruma. Simwonei hata chembe. Mkimchoma, kesho mtasema alichomwa bila hatia, mtasema alikufa akidai mkono wa Fransis. Nawajua. Huyu ataishi, na kila akiulizwa mkono wake umefanya nini, atasema alichosema leo."

Hakuna aliyesogea mbele. Kulikuwa na muda mrefu ambapo mambo yangeweza kwenda huku au kule. Kisha fundi wa ng'ambo akaja akainama, akaliokota tairi lake, akasema kwa hasira kwamba lile ni tairi jipya, nani kamruhusu mtu kulichukua. Na hapo watu wakaanza kuwa watu tena, mmoja mmoja, wakizitafuta pikipiki zao.

Walipata bajaji. Waliwapakia wote wawili, Fransis upande huu, Yazid upande ule, Bi Widad katikati akiwa amewashika mabega. Dereva alilalamika kuhusu viti vyake mpaka Bi Widad alipomwambia maneno ambayo mwanamke wa heshima zake hayasemi. Damu ya wale wawili ilitiririka sakafuni ikakutana chini ya viatu vya Bi Widad.

"Nije?" Herieth aliuliza.

"Nafasi hakuna," Fransis alisema. Alikuwa mweupe midomoni. Akaukunja mkono uliofungwa kanga, akajaribu vidole vilivyobaki, kimoja kimoja, akihesabu kwa kunong'ona. Dole gumba. Cha shahada. Cha kati. Cha pete. "Tezo nitashika," alimwambia. "Tezo haishikwi kwa kidole kidogo."

Bajaji ikaondoka, honi ikilia mfululizo kuelekea barabara ya Kilwa.

Herieth alirudi barazani. Brightson alikuwa ametoka alikojificha, ameketi kwenye ngazi na kitambaa mdomoni. Panga bado lilikuwa limesimama kwenye gogo, hakuna aliyejaribu kulichomoa.

"Sista," Brightson alisema, bila kumtazama. "Kama anazuia, basi ulikuwa hujashinda. Mla Vivuli angemla yule wako wa kwanza, braza angebaki na roho mbili. Zamu yake ikirudi, umekwisha."

"Najua."

"Ulikuwa unajua toka mwanzo?"

Herieth alipiga magoti akaanza kuokota kadi, akizipangusa moja moja kwenye gauni lake. Zile ambazo damu ilikuwa imeingia mpaka ndani ya karatasi aliziweka kando, kwa sababu ingebidi mtu azigonge upya, na vibao vya mpingo vya baba yake vilikuwa bado nyumbani chini ya kitanda.